UZI: Ukimwambia fundi "najua", anaruka hatua. Tuongee kuhusu kusikiliza unapofundishwa

Kitalu_Rungwe (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Nina kitalu cha miche ya parachichi huku Rungwe, upande wa Tukuyu. Kila msimu napokea vijana wanaotaka kujifunza kubebesha. Wanatoka Busokelo, Kyela, Mbeya mjini, wengine mbali kama Ludewa. Ni vijana wazuri, wana nguvu na wana haraka ya maisha, na kwa haraka hiyo siwalaumu. Lakini kuna jambo linajirudia kwao mpaka nimeona nilianzishie uzi, kwa sababu naamini haliko kwenye parachichi peke yake. Liko gereji, liko kwenye cherehani, liko hospitali.

Jambo lenyewe: anayesema "najua" katikati ya maelezo anapunjika, na hatambui kwamba amepunjika.

Kwa wasiofahamu kubebesha, nieleze kidogo. Unaotesha mbegu ya parachichi la kienyeji kwenye kiriba. Mche ukifikia unene wa penseli unaukata kichwa, unaupasua kwa kisu kikali, kisha unachukua kikonyo, yaani kijitawi, cha Hass (aina ya parachichi la biashara) kutoka kwenye mti uliokwisha kuzaa vizuri, unakichonga pande mbili kiwe kabari, unakichomeka kwenye mpasuo na kufunga kwa nailoni. Ukitazama video kwenye simu ni kazi ya dakika mbili. Ndiyo maana kila anayekuja kitaluni ameshaiona, na kila anayekuja anajua.

Sasa tazama kinachotokea. Naanza: "Ukishapasua, unachomeka kikonyo katikati..." Kijana anadakia: "Eeh, najua, halafu unafunga." Mimi nilikuwa sijamaliza. Nilikuwa naelekea kusema kwamba unachomeka katikati kama kikonyo na mche vina unene sawa. Kikonyo kikiwa chembamba kuliko mche, usikiweke katikati. Kisogeze upande mmoja mpaka gamba la kikonyo liwe sawa na gamba la mche, ili ule utando wa kijani ulio chini ya magamba yote mawili ukutane walau upande huo mmoja. Utando huo ndio ulio hai, ndio unaoota na kuunganisha. Mti wa katikati haushiki kitu. Kikonyo chembamba kikikaa katikati, kulia utando haujakutana na utando, kushoto vilevile. Umefunga vitu viwili vilivyokaribiana tu.

Na hasara yake haionekani leo. Kikonyo kina maji yake ndani, kitabaki kijani wiki ya kwanza, pengine na ya pili. Kijana anapita asubuhi anakitazama anafurahi. Halafu kinaanza kuwa cheusi kuanzia juu kushuka chini. Hapo utasikia vikonyo vilikuwa vibaya, au jua lilikuwa kali, au kiriba kilikosa maji. Lile "najua" halikumbuki kabisa, kwa sababu maneno aliyoyakatiza hakuwahi kuyasikia. Mtu hawezi kukumbuka kitu ambacho hakikumfikia.

Ninachotaka tukitazame kwa makini ni upande wa fundi. Mafundi wengi wa huku kwetu kazi waliijua kwa mikono, maneno si mengi. Ukimwonyesha kwamba jambo unalijua, anakuamini. Anaruka kwenda hatua inayofuata. Hajakukomoa, hajakunyima, kakuheshimu. Na ufundi una tabia moja: kanuni hutangulia, masharti yanafuata nyuma. Unachomeka katikati, lakini kikiwa chembamba... Unamwagilia, lakini ukishafunga... Kijana mwenye kudakia anaondoka na vipande vya mwanzo vya kila jambo. Ukimsikiliza akiwaelezea wenzake utasema huyu anajua kweli, maana kanuni zote anazo.

Mfano mwingine, mdogo. Nailoni tunafunga kutoka chini kwenda juu. Karibu wote wanafunga kutoka juu kwenda chini, kwa sababu mkono unaona ni rahisi. Anayenisikiliza mpaka mwisho anapata sababu: mizunguko ikipanda kutoka chini, wa juu unalalia wa chini, kama bati za paa, maji yanateleza nje. Ukianzia juu, kila mzunguko unabaki na mdomo uliotazama juu, na mvua ya Tukuyu mnaijua. Maji yanaingia kwenye kidonda, kidonda kinaoza. Aliyepata sababu hasahau tena. Aliyepata amri tupu anaifuata nikiwa karibu.

Kwa hiyo kitaluni kwangu nimeweka utaratibu. Hatua moja naieleza mpaka mwisho, mikono ya mwanafunzi ikiwa mitupu, hana kisu wala mche. Nikimaliza ananirudishia kwa maneno yake mwenyewe. Akiacha kitu, naongezea hicho tu. Baada ya hapo maswali. Kisu kinafuata mwisho.

Nawaomba wa fani nyingine mseme kwenu likoje. Na walimu mliomo humu, msinyamaze.

---

nyanda_za_juu

Nakazia mkuu. Nimekaa hapa nafuatilia.

---

GiaNdogo

Mkuu Kitalu, mimi ni dereva wa semi, njia yangu Dar kwenda Tunduma, mara nyingine navuka Zambia. Uzi huu ungebandikwa juu ya mlima Kitonga.

Nimefundisha tandiboi kadhaa mpaka wakashika usukani. Wa maneno mengi ndiye anayenipa kazi kubwa, na sababu haihusu heshima. Gari linaongea. Unaposhuka Kitonga na mzigo, gia unaichagua ukiwa juu kabla hujaanza kuteremka. Ukisubiri mwendo ukolee ndipo utafute gia ndogo, gia inakataa kuingia, na hapo umebaki na breki ya mguu peke yake. Breki ukiikanyaga mfululizo kwenye mteremko mrefu inapata moto, na ikipata moto unakanyaga na gari halishiki. Kila dereva wa njia hii amepita pembeni ya gari lililolala bondeni pale, hapahitaji hadithi.

Sasa kuna mlio wa injini iliyotulia kwenye gia yake inazuia mzigo, na kuna mlio unaoanza kupanda kidogo kidogo kwa sababu mzigo unaizidi. Tofauti yake mwanzoni ni ndogo sana. Utaisikia kabla mshale kwenye dashibodi haujakuambia kitu. Kijana aliyekaa pembeni anaeleza jinsi dereva fulani anavyoshuka kwa mbwembwe haisikii, na mimi nikijibizana naye siisikii pia. Kwa hiyo tukifika juu nazima redio, namwambia kuanzia hapa mpaka tukute tambarare sikiliza. Tukishafika chini namuuliza: ulisikia wapi imebadilika? Aliyesikiliza atakuambia hata ni kona gani.

Kusikiliza kwetu ni kwa masikio mawili, moja la mwalimu na moja la chuma.

---

Mwl_Kihesa

Habari za jioni wote. Mimi ni mwalimu wa sekondari, Iringa mjini. Kitalu, nimekusoma mara mbili na nakuheshimu, lakini naona hatari na nitaisema wazi.

Darasani kwangu sina shida ya wanafunzi kuongea sana. Shida yangu ni kimya. Mtoto amesoma shule ya msingi kwa Kiswahili miaka yote, anaingia kidato cha kwanza anakuta kila somo ni Kiingereza. Anafanya nini? Ananyamaza. Anatazama ubao, anaitikia kwa kichwa, anaandika kila kinachoandikwa. Ukimwangalia utasema hakuna msikilizaji kama huyu, kumbe haelewi hata robo. Watoto wetu tangu nyumbani wameambiwa mtoto mzuri hajibizani na wakubwa. Ukiwaongezea somo la kunyamaza, unapigilia msumari wa mwisho.

Na jambo la pili, wanaoongea kupita kiasi darasani mara nyingi ni sisi walimu. Kuna mtafiti wa Marekani, Mary Budd Rowe, aliyepima jambo hili madarasani na kuliandika miaka ya 1970. Alikuta mwalimu akiuliza swali anasubiri kama sekunde 1 tu, kisha anamtaja mwingine au anajibu mwenyewe. Walimu waliposubiri sekunde 3 au zaidi, majibu ya wanafunzi yakawa marefu, wa kusema "sijui" wakapungua, na waliokuwa hawanyooshi mkono wakaanza kunyoosha. Kilichonigusa zaidi ni kwamba alipima pia kimya cha baada ya mwanafunzi kujibu. Mwalimu akimeza maneno yake hapo kwa sekunde chache, mtoto anaendelea, anaongeza "kwa sababu". Hiyo "kwa sababu" ndiyo tunayoikatiza kila siku tukidhani amemaliza.

Mimi nimejaribu. Sekunde 3 mbele ya darasa zinachosha mishipa, unaona kama darasa limekufa. Lakini zinafanya kazi. Kwa hiyo mdomo wa kufungwa uwe wa kila upande, usiwe wa mwanafunzi tu.

---

Kitalu_Rungwe

Mwalimu, ahsante sana. Nilikuwa nasubiri mtu aseme hili, na umelisema kuliko ambavyo ningeweza.

Kimya sikitaki hata mimi. Ananyamaza mtu aliyelala, ananyamaza mtu aliyekasirika, ananyamaza mtu anayetunga jibu lake kichwani huku macho yamenikodolea. Wote hao sijawafikia. Ndiyo maana sehemu ya kurudishia kwangu ina uzito kuliko ile ya kukaa kimya. Mwanafunzi wa kimya asiyeweza kunirudishia hatua, tunaanza upya, na hapigwi wala hachekwi.

Ninachokipigania ni zamu. Kuna maneno yanayovuta mafunzo na kuna maneno yanayoyafukuza. "Hapo sijaelewa, kikiwa chembamba nakisogeza upande gani?" Swali kama hilo likikatiza maelezo yangu nafurahi, maana limetoka ndani ya nilichokuwa nasema. "Eeh, hata mjomba wangu Njombe anafanya hivyo hivyo" limetoka kwingine. Linaomba nimtambue. Na mimi kama binadamu nitamtambua, nitasema "vizuri, kumbe mnalima", na tumeshatoka kwenye kikonyo.

Zile sekunde 3 naanza nazo kesho. Nikijichunguza, kijana akisita wakati ananirudishia huwa namsaidia haraka mno.

---

binti_Makambako

Shikamoo baba Kitalu, shikamooni wote. Mimi ni mwanafunzi wa ushonaji, nipo mtaani kwa fundi, mwaka wa kwanza. Naomba niseme kwa upande wetu sisi tunaofundishwa, maana naona wanaoongea ni wakubwa.

Nasema "najua" mara nyingi na sijui. Sababu ni kwamba ukisema hujui kuna jibu linakusubiri. "Hata hili hujui? Ulikuwa unafanya nini shule?" Mbele ya wateja. Siku ya kwanza unavumilia, baadaye unajifunza kwamba kuitikia "najua" kunakupitisha salama. Halafu ukiachwa na kitambaa unatetemeka. Kitenge cha mteja kimeshalipiwa, fundi ameondoka, unatakiwa ukate kola na hukumbuki amesema uache kiasi gani cha kushonea. Ukiuliza sasa hivi utaambiwa si ulisema unajua.

Hapa nilipo sasa nimehamia kwa mama mwingine. Yeye hasemi mengi. Anakata karatasi ya gazeti kwanza, ananipa na mimi gazeti, nikikosea tunatupa gazeti. Nimejikuta namuuliza vitu nilivyoogopa kuuliza mwaka mzima. Sijui kama ni mimi niliyebadilika.

---

Kitalu_Rungwe

Marahaba binti yangu. Umenifungua macho, na naomba kila mwenye mwanafunzi asome ulichoandika kabla hajasoma cha kwangu.

Nilikuwa naitazama "najua" kama majivuno. Wewe umeonyesha kwamba wengine wanaitumia kama ngao. Kwa nje zinafanana na dawa zake ni tofauti kabisa. Mwenye majivuno unamwachia kazi ndogo ajaribu, mche mmoja wa kutupa, ajione. Mwenye hofu ukimfanyia hivyo unammaliza. Huyo anataka asikie kwako kwanza kwamba kutojua hakuna adhabu.

Gazeti la huyo mama ni mwalimu mkubwa. Sisi tunatumia vijiti vya mparachichi wa kienyeji vilivyopogolewa, unachonga kabari siku nzima bila kuharibu hata kikonyo kimoja cha Hass. Mtu anayejua kwamba kosa lake halimgharimu mtu pesa, masikio yake yanafunguka. Na mkiwa wawili na fundi wako mmejifungia kazini, uliza vile vile: "Mama, naomba nirudie kama nimekupata." Hakuna fundi anayetukana sentensi hiyo. Hujasema hujui, hujasema unajua.

---

Kamwene_Iringa

Kamwene wakuu. Mimi ni muuguzi, sisemi ni hospitali gani.

Kwetu hiki anachofanya Kitalu ni utaratibu wa kazi. Usiku daktari akitoa maelekezo ya dawa kwa simu, unaandika, kisha unamsomea ulichoandika, jina la mgonjwa, dawa, kiasi, njia ya kumpa, naye anathibitisha ndipo unakwenda kabatini. Dozi zinatajwa kwa Kiingereza, na kwenye simu yenye mtandao mbovu 15 na 50 zinakaribiana mno masikioni. Muuguzi mpya akiona kusoma tena ni kujidhalilisha, namkalisha chini siku hiyo hiyo.

Lakini nataka kugusa upande mwingine. Mgonjwa naye anatufundisha. Yeye ndiye anayeujua ugonjwa wake, sisi tunaujua kwa vitabu. Mwaka 1984 watafiti wawili wa Marekani, Howard Beckman na Richard Frankel, walichapisha utafiti wa mazungumzo 74 ya madaktari na wagonjwa waliyoyarekodi. Kwa wastani daktari alimkatiza mgonjwa sekunde 18 baada ya kuanza kueleza kilichomleta. Waliofanikiwa kumaliza maelezo yao ya mwanzo hawakufika hata robo.

Nawaona hao kila siku. Anakuja bibi kutoka vijiji vya Kilolo, anaanza na mgongo. Ukishaandika mgongo umemaliza, unamwelekeza kwenye dawa za maumivu. Ukimwachia, anatoka mgongo anakwenda usingizi, anatoka usingizi anafika kwenye kitu ambacho amekibeba tangu nyumbani na hakujua aanze nacho vipi, damu inayotoka mahali isipotakiwa kutoka kwa umri wake. Hicho ndicho kimemtoa Kilolo. Wazee wetu jambo zito hawalitangulizi, linatembea nyuma ya mengine. Anayekatiza mapema hatalikuta, na bibi atarudi nyumbani na vidonge vya mgongo.

Kwa hiyo ninapofundisha wanafunzi wa uuguzi, somo la kwanza wodini ni kumwachia mgonjwa amalize. Mikono mfukoni, kalamu mezani.

---

mchungulia_anga

Naongezea kwenye alichosema muuguzi, maana fani yangu inahusu ndege.

Rubani akipewa maelekezo na mnara wa kuongozea ndege, awe anatua Songwe au London, lazima arudie yale ya msingi kwa sauti: njia ya kurukia, kimo, ruhusa ya kuruka au kutua. Na yule wa mnarani ana wajibu wa kusikiliza marudio, asiyachukulie kama wimbo. Kosa likipita kwenye marudio na hakuna aliyelishika, wote wawili wamelibeba.

Kuna ajali ambayo kila mwanafunzi wa fani hii anafundishwa. Tarehe 27 Machi 1977, uwanja wa Los Rodeos kisiwani Tenerife, ukungu mzito. Ndege mbili kubwa aina ya Boeing 747, moja ya KLM na nyingine ya Pan Am, ziko kwenye njia moja ya kurukia. Rubani wa KLM anaanza kukimbiza ndege akiamini ameruhusiwa. Mnara unamwambia asubiri. Sekunde zile zile Pan Am nao wanasema kwenye redio kwamba bado wako kwenye njia hiyo ya kurukia. Redio za aina ile wakiongea wawili kwa pamoja, sauti zinagongana. Kwenye chumba cha marubani wa KLM ujumbe wote wawili ulifika umefunikwa na mlio mkali. Kila ujumbe peke yake ungetosha kuisimamisha ndege. Walikufa watu 583, na mpaka leo hakuna ajali ya ndege kugongana iliyoua wengi kuliko hiyo.

Muhandisi wa KLM alikuwa ameshikwa na wasiwasi, akauliza kama ile ya Pan Am imeshatoka njiani. Nahodha, mtu mwenye uzoefu mkubwa aliyekuwa anafundisha marubani wenzake, akajibu kwa uhakika kwamba imetoka. Baada ya ajali ile mafunzo ya marubani yalibadilika, wakubwa wakaanza kufundishwa kuwasikiliza wadogo walio nao chumba kimoja.

Nimeileta kwa ajili ya Mwl_Kihesa. Aliyehitaji kusikiliza siku ile alikuwa ndiye mwalimu.

---

Mwl_Kihesa

Nimeisoma nimekaa kimya dakika nzima. Ahsante sana. Kesho naisimulia kwenye kikao cha walimu.

---

kijana_wa_Uyole

Wakuu, swali fupi. Siku hizi tuna simu. Kwa nini nisirekodi maelezo yote ya fundi halafu nikasikilize nyumbani polepole? Hapo hata nikiongea katikati sipotezi kitu.

---

Kitalu_Rungwe

Kijana, rekodi kama fundi ameridhia, haina ubaya. Lakini elewa simu itarekodi nini. Itarekodi kile fundi alichokisema, na ukimkatiza hatakisema. Yale masharti ya mwishoni hayatakuwemo kwenye simu wala kichwani.

Pia kuna vitu havirekodiki vizuri. Nikikuambia kikonyo kizuri macho yake, yaani vichipukizi, yamevimba na hayajafunguka, nakuwekea vitatu mkononi, kimoja kimewahi, kimoja kimechelewa, kimoja ni chenyewe. Unavigusa ncha. Dakika hiyo nataka uwe na mimi, simu iwe mfukoni. Picha ya kisu kinavyoshikwa piga, itakusaidia.

---

Mzee_wa_Igawa

Salaam kwenu. Nimewafuata tangu mwanzo, mmeongea vizuri vijana.

Nina swali ambalo linanitatiza mimi mwenyewe, nimeanza parachichi uzeeni. Nimefundishwa na watu wawili. Mmoja wa huko kwenu Rungwe, amenionyesha kama ulivyoeleza, kupasua kichwani. Mwingine ni bwana shamba aliyenifuata huku Mbarali, yeye anachomeka ubavuni, mche haukatwi kichwa mpaka kikonyo kishike. Nikiwa kwa mmoja namtajia mwenzake, tunaanza ubishi, jua linazama. Sasa nimsikilize nani?

---

Kitalu_Rungwe

Shikamoo mzee.

Wasikilize wote wawili, kila mmoja peke yake, na ukiwa kwa mmoja usimlete mwenzake mpaka huyu amalize. Ukimtaja katikati, fundi anaacha kufundisha anaanza kujitetea, na mtu anayejitetea anakupa zile hoja za kumshinda mwenzake tu. Udhaifu wa njia yake, ambao anaujua kuliko mtu yeyote, hautamtoka mdomoni siku hiyo. Mwache amalize, fanya kwa njia yake mbele yake, akiridhika ndipo umuulize kwa upole: "Njia hii inashindwa wapi?" Hapo utapata elimu.

Na kwa hili lako, ukiwasikiliza kwa namna hiyo utakuta hawapingani. Kupasua kichwani ni haraka, mche mwembamba unafaa, na huku kwetu baridi na unyevu vinakisaidia kikonyo kisikauke kabla hakijashika. Kuchomeka ubavuni kunauacha mche na majani yake, kwa hiyo kikonyo kikifa mche bado mzima, unajaribu tena. Huko Mbarali kuna joto, vikonyo vinakauka upesi, na bwana shamba wako nadhani amelitazama hilo. Muulize yeye mwenyewe akueleze, usichukue kwangu.

Ukiamua kupasua huko huko Igawa, weka kivuli kizuri juu ya kitalu na ukivishe kila kikonyo kifuko chepesi cha nailoni mpaka macho yafunguke. Vikonyo vikate asubuhi mapema, vifunge kwenye kitambaa kibichi, vibebeshe siku hiyo hiyo. Na machipukizi yote yanayotoka chini ya kiungo yaondoe, hayo ni ya mche wa kienyeji, yataiba chakula cha Hass.